Taa ya tairi imewaka: maswali yenu na majibu yake

Wiki hii barua nyingi zimeuliza kuhusu taa moja ya dashibodi: ile ya manjano yenye umbo la tairi lililokatwa juu, na katikati ina alama ya mshangao. Ni taa ya upepo wa matairi.

Gari linajuaje kwamba tairi limepungua upepo? Kuna waya unaoingia ndani ya tairi? (Msomaji, Dodoma)

Waya hakuna. Magari hutumia njia mbili. Katika ya kwanza, kila gurudumu lina sensa yake ndani, yaani kifaa kidogo cha kupimia, imefungwa kwenye rimu pamoja na valvu unayojazia upepo. Sensa hiyo ina betri yake, inapima upepo na joto, kisha inatuma vipimo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari.

Njia ya pili haipimi upepo kabisa. Inategemea sensa za ABS, mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasikwame, zinazohesabu kila gurudumu linazunguka mara ngapi. Tairi lililolegea hukaa chini kidogo, kwa hiyo linalazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ili liende sambamba na wenzake. Kompyuta ikiona gurudumu moja linawazidi wengine mbio, inawasha taa. Udhaifu wake, hasa kwenye mifumo ya zamani, ni kwamba matairi yote manne yakipungua polepole kwa pamoja, hakuna la kulinganisha nalo. Taa haiwaki.

Kama taa haijawaka, bado nina haja ya kupima upepo? (Msomaji, Mwanza)

Unayo, tena kubwa. Chukua kanuni ya Marekani, nchi iliyopitisha sheria ya mfumo huu mwaka 2000 baada ya watu wengi kufa kwa ajali za magari ya Ford Explorer yaliyokuwa na matairi ya Firestone. Kanuni inataka taa iwake upepo unapokuwa umepungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye gari. Kama kiwango chako ni PSI 32 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi), gari linaweza kukaa kimya mpaka ufike 24. Ukiwa na 26 utasafiri kutwa nzima bila onyo lolote.

Na 26 si salama. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila linapogusa barabara, na kujikunja huko kunazalisha joto kwenye mashavu yake. Ongeza lami ya saa nane mchana, abiria watano, magunia kwenye buti na mwendo wa 100, ndipo tairi linapopasuka. Nakuomba sana, nunua geji yako mwenyewe uiweke garini. Pima angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu, asubuhi gari likiwa bado halijatembea. Usisahau tairi la spea, maana mara nyingi halina sensa na hakuna anayelikumbuka mpaka siku ya pancha.

Taa inawaka kila asubuhi, ikifika saa nne inazima yenyewe. Fundi haoni pancha. (Msomaji, Njombe)

Ni baridi yako ya Juni na Julai. Hewa ikipoa inasinyaa: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi hupoteza takriban PSI moja. Nadhani ulijaza upepo mchana, matairi yakiwa ya moto baada ya safari, ukaona 32 ukaridhika. Usiku yakapoa, yakarudi chini. Jaza asubuhi yakiwa baridi.

Taa inapepesa kwanza, kisha inabaki imewaka. Fundi pancha anasema tung'oe sensa tuweke valvu za kawaida. (Msomaji, Mombasa)

Taa inayopepesa kwa dakika moja hivi ukiwasha gari, kisha ikatulia ikiwa imewaka, kwa kawaida haisemi upepo umepungua. Inasema mfumo wenyewe una hitilafu. Mara nyingi ni betri ya sensa, ambayo hudumu kati ya miaka 5 na 10 na haibadilishwi peke yake. Kama gari lako liliingia Kenya likiwa na miaka saba, umri wake umefika.

Sababu nyingine ni chuma cha kubandulia tairi. Nimesimama kando ya fundi akikizamisha pale pale kwenye valvu. Ulisikika mlio mdogo, kach, na kipande cha plastiki nyeusi kikaanguka miguuni pake. Mwambie aanzie mbali na valvu.

Usizing'oe, badilisha iliyokufa. Ila ulizia masafa ya redio ya sensa kabla ya kulipa: magari ya Ulaya hutumia megahezi 433, ya Marekani na Japani mara nyingi 315. Sensa isiyolingana na gari haitasikika kamwe. Na kwa kuwa mko pwani, valvu za alumini zivalisheni kofia za plastiki. Kofia ya chuma ikikutana na chumvi hushikamana na valvu, ukiifungua kwa nguvu valvu inakatika.

Kibandiko kimeandikwa 230, lakini pampu ya sheli inasoma 30 na kitu. (Msomaji, Tanga)

Hizo 230 ni kilopaskali, kipimo kingine cha upepo. Huenda gari lako limetoka Japani. Gawanya kwa 6.9 upate PSI, yaani kama 33. Fuata kibandiko hicho cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kiwango cha kujaza.

Nimejaza upepo sawasawa, mbona taa haizimi? (Msomaji, Morogoro)

Endesha kilomita chache kwanza, sensa nyingi hutuma vipimo gurudumu likizunguka. Kama gari lako linatumia njia ya ABS, tafuta kitufe au menyu yenye alama ile ile ya tairi na ukibonyeze ili mfumo ujifunze upya. Lakini pima matairi yote manne kabla ya kubonyeza. Ukibonyeza moja likiwa limelegea, gari litakariri hali hiyo kuwa ndiyo sahihi.