Sapu mbili na kinanda cha Ijumaa

Barua kwa Mama Mlezi

(Mama Mlezi alifundisha hisabati sekondari, kisha akawa mlezi wa bweni la wanachuo kwa miaka 19. Kila toleo hujibu barua moja.)

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 22, nasoma mwaka wa pili shahada ya biashara katika chuo kimoja hapa Morogoro. Nimeokoka tangu kidato cha tatu, na ndiye mpiga kinanda wa feloshipu yetu ya chuo. Mwaka wa kwanza nilikuwa pia nachezea timu ya kitivo, namba sita, mazoezi Jumanne na Alhamisi saa 10 hadi saa 12 jioni.

Mwanzoni mwa mwaka huu mwenyekiti wa feloshipu aliniita akaniambia mpira unanipunguzia upako. Alinisomea 1 Timotheo 4:8, kwamba kujizoeza kupata nguvu za mwili kwafaa kidogo. Nikaacha mpira, viatu nikampa mdogo wangu.

Ratiba yangu sasa ni hii. Jumatatu na Alhamisi maombi ya alfajiri, saa 11 hadi 12. Jumanne mazoezi ya timu ya sifa, saa 12 jioni hadi 3 usiku. Jumatano tunajifunza Neno, saa 1 hadi 3 usiku. Ijumaa mkesha, saa 3 usiku hadi 11 alfajiri, ndipo nalala mpaka saa 6 mchana. Jumamosi kwaya, saa 8 mchana hadi 12 jioni. Jumapili naingia saa 1 asubuhi kufunga vyombo, natoka saa 8 mchana.

Matokeo ya semista ya kwanza yametoka. Nina sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, Takwimu na Uchumi, na GPA, wastani wa alama zangu, imeshuka kutoka 3.6 hadi 2.4. Baba alipiga simu kuuliza, nikamwambia mtandao wa chuo haufunguki. Nilimwomba mwenyekiti nipumzike mkesha, akasema shetani huanza hivyo hivyo, anakutoa madhabahuni kidogo kidogo. Kinachoniumiza zaidi ni mwenzangu chumbani. Hasali, anacheza mpira, Simba na Yanga zikicheza yuko kibanda umiza, na amefaulu masomo yote.

Niache kinanda? Nirudi uwanjani? Au Mungu ananipima?

Mpiga Kinanda, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na bahasha kuukuu ya kupigia hesabu. Ualimu hautoki mwilini.

Tuanze na bahasha. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inapima masomo kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kukaa darasani, semina, kusoma peke yako, hata mtihani wenyewe. Mwaka mmoja ni krediti 120, kwa hiyo semista ni krediti 60, yaani saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki, vipindi vikiwemo. Wiki ina saa 168. Toa 49 za kulala, saa 7 kila usiku. Toa hizo 40 za masomo. Toa 21 za kula, kuoga, kufua na kupanga foleni kwa mama ntilie. Zinabaki 58. Feloshipu yako nimeijumlisha kama ulivyoiandika: saa 26. Ule mpira ulioutupa ulikuwa unakula saa 4.

Umeona? Zinatosha, hata mpira ukiwemo, na 28 zinabaki. Nilitegemea bahasha inipe sababu ya kumgombeza mwenyekiti wako, ikaninyima. (Nitamgombeza hata hivyo, ngoja kidogo.)

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Mkesha unaujua unaanza saa ngapi na unakwisha saa ngapi. Namba uliyocheza unaikumbuka, na viatu vilikokwenda unakujua. Takwimu umeitaja mara moja tu, ikabanana na Uchumi katika sentensi moja. Hukuniambia ni mada gani iliyokushinda, testi ulipata ngapi, wala unaisoma siku gani. Mtu aliyeibiwa kuku hukuambia hata rangi ya mkia. Wewe umepotewa na somo zima, na huwezi kunieleza lilikuwa linafananaje.

Nakujua kwa sababu nami nilikuwa wewe. Niliingia chuo Dar es Salaam mwaka 1983, nimelelewa na UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, tangu sekondari, naimba sauti ya pili. Mwaka wa pili tulikuwa na somo moja la hisabati, kazi yake yote ni kuthibitisha: thibitisha hiki, thibitisha kile. Wiki ya tatu nilikuwa nimepotea. Nikiuliza swali darasani wavulana wanacheka. Nikiingia kwaya, watu wananisogezea nafasi kwenye benchi. Mtu huenda anakosogezewa benchi, mwanangu, hiyo haihitaji shahada kuielewa. Kila jioni niliyopanga kufungua daftari lile akatokea mgonjwa wa kutembelewa, na wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi. Nikajiita mtumishi. Likizo ndefu wenzangu wakaenda makwao, bwenini tukabaki wasichana wanne wa sapu, na nyumbani nikaandika barua kwamba chuo kimenibakiza kwa kazi maalumu. Wewe umesingizia mtandao. Mimi enzi zangu sikuwa na mtandao wa kusingizia.

Ukibonyeza kinanda, ukumbi mzima unainua mikono. Ukifungua Takwimu, hakuna anayeinua chochote. Ndiyo maana hata baada ya kuacha mpira zile saa 4 hazikwenda kwenye kitabu. Kwa hiyo swali lako la kama Mungu anakupima, mimi naliona hivi: anayekupima ni mwalimu wa Takwimu, na umekuwa ukimkimbia kwa kupitia mlango wa kanisa.

Mwenyekiti sasa. Mkesha wa kila Ijumaa ndio ninaoulalamikia, mengine yote kwenye ratiba yako sina neno nayo. Saa 8 za usiku huja na deni lake. Jumamosi asubuhi ndiyo asubuhi pekee ya wiki yako isiyo na kipindi wala ibada, na wewe unailala mpaka saa 6, unaamka kichwa kizito, unakula, saa 8 uko kwaya. Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake, “Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo.” Ni Marko 6:31, na aliwaambia watu waliokuwa wametoka kwenye huduma, wala hakuwaita wavivu. Mkesha mmoja kwa mwezi unakutosha hadi sapu zipite.

Na ule mstari wa Timotheo. “Kwafaa kidogo.” Mimi ni mwalimu wa hisabati: kidogo si sifuri. Saa 4 kati ya 168 ni kidogo kweli kweli, hapo Paulo nami tunakubaliana.

Kuhusu shetani na madhabahu, simchukii huyo kijana. Amepewa uenyekiti akiwa naye mwanafunzi, ana mitihani yake, na anaogopa Ijumaa isiyo na kinanda. Ni hofu ya ratiba, ameivisha joho. Lakini feloshipu ya chuo yenye mpiga kinanda mmoja imejitafutia shida yenyewe, kwa sababu mwakani utahitimu uondoke, na kinanda kitabaki kimefunikwa kitambaa. Hapo mwaka wa kwanza yupo mtoto anayekuangalia vidole kila Jumapili. Mfundishe.

Bwenini kwangu nimewaona wa kila chama cha wanafunzi Wakristo: TAFES, USCF, CASFETA, TMCS. Wapo waliofaulu, wapo waliokuja kulia mlangoni kwangu usiku. Ila walionifundisha kitu ni wasichana Wasabato wa TUCASA. Jua likizama Ijumaa vitabu vinafungwa, havifunguliwi tena mpaka jua lizame Jumamosi. Saa 24 nzima, hata kukiwa na testi Jumatatu asubuhi. Mwanzoni niliwahurumia. Kisha nikagundua kwamba Alhamisi jioni hawapatikani: ukigonga mlango kuwaita kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtu, wanakujibu bila kuinua kichwa. Saa za Bwana walizijengea ukuta, na ukuta huo huo ukazilinda saa za kitabu upande wa pili. Wewe ukuta wako uko upande mmoja tu.

Kuna Mskoti mmoja, Eric Liddell, aliyekuwa mwanafunzi wa sayansi Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alichezea raga timu ya taifa ya Scotland, akakimbia mbio, na tangu 1923 alikuwa akihubiri kwenye mikutano. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 alikataa mita 100 kwa sababu mchujo wake ulikuwa Jumapili, akakimbia mita 400, na tarehe 11 Julai akashinda dhahabu kwa sekunde 47.6. Watu wa feloshipu huipenda sana habari hiyo na huishia hapo. Wanaruka mambo mawili. La kwanza, raga aliiacha ili abaki na mbio: hata yeye alipunguza kitu. La pili, mwezi ule ule wa Julai alivaa joho la kuhitimu. Mwaka uliofuata ndipo akaenda China kuwa mmisionari, na darasani huko alifundisha sayansi ile ile.

Mwenzako wa chumbani umemleta kwangu kama shahidi dhidi ya Mungu. Muulize swali moja tu: Jumamosi asubuhi, wewe ukiwa umejifunika shuka, yeye anafanya nini? Nina wasiwasi unalijua jibu.

Sasa ya kufanya. Sapu nyingi katika vyuo vyetu ukifaulu unapewa C, hata kama umepata 80, na C ni pointi 2 kati ya 5. Kwa hiyo sapu zitakuokoa usirudie mwaka, ila daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5, utalijenga kwa masomo ya semista hii ya pili. Hayo yalindwe kwanza. Usije ukahamia kwenye Takwimu kwa toba, ukaiacha semista hii nayo ikazaa sapu zake.

Takwimu ipe saa za kichwa kizima. Jumatatu na Alhamisi ukitoka maombi, saa 12 asubuhi, usirudi kitandani: kaa mpaka saa 1 na nusu, kisha ukaoge uende kipindini. Jumamosi saa 2 hadi saa 6, diskasheni, na Uchumi uingie humo. Wa kusoma naye usimtafute mbali. Kwenye feloshipu yenu lazima yumo dada au kaka wa mwaka wa tatu aliyeipita Takwimu kwa A, na hujawahi kumwuliza, kwa sababu kwake wewe ni mpiga kinanda na hutaki akujue vingine. Mwambie. Mkianza, anzeni pale ulipoacha kuelewa mara ya mwisho, hata kama ni wastani na mchepuko, mambo ya wiki ya pili. Ukianzia pale darasa lilipofika utakuwa unanakili madesa tu.

Mpira rudi, Alhamisi peke yake kwa sasa. Viatu umeshamgawia mdogo wako, na kumnyang'anya si ungwana, pitia mitumba.

Baba yako mpigie leo. Nasema leo kwa sababu kila siku inayopita mtandao wa chuo unazidi kuwa mbovu, na baba zetu si wajinga. Mwambie: “Baba, nina sapu mbili, nimeshapanga namna ya kuzisoma.” Atafoka. Baba yangu alifoka kutoka Singida kwa barua ya kurasa tatu, na mwisho wa barua akaweka noti ya nauli.

Kinanda usiache. Mwandikie mwenyekiti hivi, neno kwa neno:

“Bwana Yesu asifiwe, mwenyekiti. Kuanzia wiki hii nitakuwa mkeshani Ijumaa ya kwanza ya mwezi tu, hadi nimalize sapu. Maombi ya alfajiri, Jumanne, Jumatano, kwaya na Jumapili nipo. Naomba unipatie kijana mmoja wa mwaka wa kwanza nimfundishe kinanda Jumamosi saa 7 kabla ya kwaya.”

Usiongeze maelezo. Akikujibu kwa mstari wa Biblia, andika “Amina”, zima simu, ulale. Saa 12 asubuhi una Takwimu.