Foleni zimejaa, ripoti hazitoki: nianzie wapi kwenye IBM i?

Swali: Ofisini tuna IBM i, mfumo wa kompyuta wa IBM, ule ambao wazee bado wanauita AS/400. Kila mwisho wa mwezi kazi za bechi (zinazojiendesha zenyewe kwa zamu, bila mtu kwenye skrini) hurundikana na printa hukaa kimya, nami hujua baada ya watumiaji kuanza kupiga simu. Nawezaje kufuatilia foleni bila kukodolea skrini macho siku nzima?

Jibu: Usianze kwa kuzima na kuwasha. Foleni ni mtungi tu, lazima awepo wa kuchota. Foleni ya kazi huchotwa na sabusistimu, yaani sehemu ya mfumo inayoendesha kazi; foleni ya uchapishaji huchotwa na raita, yaani programu inayopeleka mafaili kwenye printa. Kwa hiyo chunguza kama foleni imeshikiliwa, kama mchotaji yupo, na kama yupo lakini amekwama.

Andika WRKJOBQ bila kigezo chochote. Utaona kila foleni, idadi ya kazi, sabusistimu na hali yake. HLD maana yake imeshikiliwa. Iachilie kwa chaguo 6, ila uliza kwanza aliyeishikilia alikuwa na sababu gani. Nafasi ya sabusistimu ikiwa tupu, hakuna anayechota, na kazi zitakaa humo hadi sabusistimu iwashwe kwa STRSBS. Kazi yenye hali ya SCD iache, inasubiri saa yake.

Foleni iko RLS (imeachiliwa), sabusistimu ipo, na bado haisogei? Andika WRKACTJOB SBS(QBATCH); QBATCH ni sabusistimu ya kazi za bechi. Mara nyingi utakuta kazi moja yenye MSGW: imeuliza swali na inasubiri jibu. Chaguo 7 hukuonyesha ujumbe. Usome hadi mwisho kabla ya kujibu, kwa sababu C hukatisha kazi nzima. LCKW ni kwamba inasubiri kitu kilichofungwa na kazi nyingine.

Kwa nini kazi moja inazuia zote? Kwa sababu ya MAXACT, idadi ya kazi za foleni hiyo zinazoweza kuendeshwa kwa wakati mmoja: usipoitaja unapounganisha foleni na sabusistimu kwa ADDJOBQE, inakuwa 1. Unaweza kuipandisha kwa CHGJOBQE SBSD(QBATCH) JOBQ(QBATCH) MAXACT(3), na wengi hukimbilia hapo. Mimi nasita. Kama kazi ya kufunga mahesabu na ripoti inayoifuata zinategemea kufuatana moja baada ya nyingine, ukiweka 3 ripoti itasoma takwimu ambazo hazijakamilika, wala hutaona kosa lolote kwenye skrini. Afadhali uzitengenezee foleni mbili: ya zile zinazofuatana, ibaki na 1, na ya nyinginezo.

Upande wa printa ni WRKOUTQ, ukiisoma vilevile; nafasi ya raita ikiwa tupu, tumia STRPRTWTR. Raita akiwa na MSGW, tazama kama ujumbe ni CPA3394: faili limeomba aina ya fomu isiyo ile iliyowekwa. Weka karatasi husika ujibu G (endelea), au kama karatasi ni ya kawaida, badilisha faili kwa CHGSPLFA FORMTYPE(*STD). Faili linaloganda kwenye SND kwa printa ya mtandaoni, anza na printa yenyewe: umeme, waya, anwani ya IP.

Sasa ufuatiliaji. Kwenye programu ndogo ya CL, lugha ya amri za IBM i, endesha swali hili la SQL:

SELECT JOB_QUEUE_NAME, NUMBER_OF_JOBS FROM QSYS2.JOB_QUEUE_INFO WHERE NUMBER_OF_JOBS > 0 AND (JOB_QUEUE_STATUS = 'HELD' OR SUBSYSTEM_NAME IS NULL)

Kwa printa, QSYS2.OUTPUT_QUEUE_INFO inakupa NUMBER_OF_FILES na NUMBER_OF_WRITERS; yenye mafaili lakini raita sifuri ndiyo unayoitafuta. Kwa kazi zilizokwama, chuja QSYS2.ACTIVE_JOB_INFO() kwa JOB_STATUS = 'MSGW'.

RUNSQL, amri ya kuendesha SQL ndani ya CL, haikubali SELECT peke yake. Ifunge ndani ya CREATE TABLE QTEMP.FOLENI AS (...) WITH DATA, na COMMIT(*NONE), kisha hesabu rekodi kwa RTVMBRD, zikizidi sifuri, SNDMSG kwako. Kabla ya mzunguko unaofuata, futa jedwali hilo, la sivyo mara ya pili itagoma kwamba tayari lipo. ADDJOBSCDE, amri ya kupangia kazi ratiba, haina marudio ya dakika, hivyo zungusha kwa DLYJOB DLY(300), yaani kila dakika 5.

Programu hiyo usiipeleke QBATCH. Foleni ikiziba, nayo itakuwa imeziba humo humo. Ipe foleni yake na sabusistimu yake.