Usiandike kwamba 294409 ni tasa! Igawe kwanza

Futa sentensi ya kwanza ya kazi yako kabla hujaipeleka chuoni. 294409 si nambari tasa, ni 37 × 73 × 109. Umesema ulipandisha 2 kwa kipeo cha 294408, ukagawa kwa 294409, ikabaki 1, basi ni tasa. Sasa unataka usaidiwe kupata vigawanyo vyake, jumla yavyo, hesabu ya Euler (yaani nambari ngapi kuanzia 1 hadi yenyewe hazina kigawanyo cha pamoja nayo ila 1) na namna ya kuiandika kwa bainari, yaani kwa 0 na 1 tu. Ndugu yangu, ngoja kwanza.

Ujanja huo huo nilifundishwa na mwalimu wa tuisheni kwenye ghorofa moja karibu na River Road, Nairobi, akatuuzia na noti za fotokopi juu. "Ikibaki moja ni tasa, songa mbele." Nikasonga. Tasa ikitolewa 1 ndiyo hesabu yake ya Euler, kwa hiyo nikaandika 294408 na kila mstari uliofuata ukaegemea hapo. Jibu la kweli ni kutoa 1 kwenye kila kigawanyo tasa kisha kuzidisha: 36 × 72 × 108, yaani 279936, ambayo ni 6 kwa kipeo cha 7. Tazama tofauti hiyo! Swali zima likaanguka, somo nikalirudia, na karo nikaitoa upya. Yule mwalimu hana udhuru wowote. Mwanahisabati Robert Carmichael alionyesha tangu 1910 kwamba 561 inapita jaribio hilo ilhali ni 3 × 11 × 17, na mwaka 1994 wanahisabati Alford, Granville na Pomerance wakathibitisha kwamba nambari za aina hiyo hazina mwisho. Anakula pesa za watoto wa watu na hilo halijui!

Wala usidhani ukiweka 3 au 5 mahali pa 2 utaokoka. Itabaki 1 vile vile, kwa sababu 36, 72 na 108 zote zinaigawa 294408 bila baki.

Dawa ni kugawa kwa tasa ndogo ndogo, basi. Chukua 37. Kwenye 294 inaingia mara 7, inabaki 35. Shusha 4, 354, mara 9, inabaki 21. Shusha 0, 210, mara 5, inabaki 25. Shusha 9, 259, mara 7, hakuna baki. Umepata 7957, nayo ni 73 × 109. 37 ni tasa ya kumi na mbili tu ukianzia 2! Hata ungekosa bahati, kipeuo cha pili cha 294409 ni 542 na ushei, na nambari isiyo tasa lazima iwe na kigawanyo tasa kisichozidi kipeuo chake, kwa hiyo ungegawa kwa tasa mia moja, ya mwisho 541, umalize.

Vigawanyo ni vinane: 1, 37, 73, 109, 2701, 4033, 7957 na yenyewe.

Kama noti zako ni zile zile, tuma hapa nambari inayofuata tuigawe kabla hujagusa kipeo chochote.