Usipande mpungate kisha ukausahau

Asubuhi moja nikipita shambani niliona kitu kama kipande cha pamba kimeng'ang'ania bapa la mpungate, ile sehemu pana ya kijani ya kakati hii inayofanana na jani nene, karibu na shina la mwiba. Nikadhani ni utando wa buibui. Nikakiminya kwa kidole gumba, na kidole chote kikawa chekundu, wekundu mzito kama damu mbichi. Nikajifuta, nikaendelea na kazi. Baada ya miezi michache safu mbili nzima zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga, mabapa yamegeuka manjano na yanadondoka moja baada ya jingine.

Yule alikuwa kochinili, kidugamba anayefyonza utomvu wa mpungate akiwa amejificha chini ya nta yake nyeupe. Ndugu yake mmoja, Dactylopius coccus, amefugwa Meksiko kwa karne nyingi kwa ajili ya rangi hiyo hiyo nyekundu, na mpaka leo rangi yake hutiwa kwenye vyakula na vipodozi. Anayetuumiza zaidi wakulima ni Dactylopius opuntiae. Huyo ndiye aliyeangamiza mashamba makubwa ya malisho kaskazini-mashariki mwa Brazili, na alipoonekana Moroko mwaka 2014, mipungate iliyokuwa imesimama vizazi na vizazi ilikauka ndani ya miaka michache.

Naanza na msiba huu kwa sababu kila mwenye ardhi kavu anayeniuliza kuhusu zao hili huanza kwa maneno yaleyale: nasikia mpungate hautaki kitu. Maji mengi hautaki, kweli kabisa. Mtu wa kuuangalia unamtaka.

Ustahimilivu wake una sababu. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, na maji hupotea kwa joto. Mpungate hufungua usiku, unavuta hewa ukaa na kuihifadhi kama asidi, kisha jua likichomoza unafunga na kuitumia asidi ile kujitengenezea chakula. Unaweza kulithibitisha hilo kwa ulimi wako. Kata bapa changa alfajiri uonje, ni chachu kweli. Kata jingine alasiri kwenye mti huohuo, uchachu umepungua sana. Tangu nilipolijua hilo, mabapa ya mboga nayakata baada ya saa nane mchana.

Sasa upandaji. Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka: nilikata mabapa na kuyapanda siku hiyohiyo, nikayamwagilia kwa moyo safi kabisa. Zaidi ya nusu yalioza. Bapa lililokatwa lina kidonda, na kidonda kibichi kikikutana na udongo wenye maji, kuvu huingia. Chagua bapa la mwaka mmoja au miwili, likate kwenye kiungo bila kulirarua, uliweke kivulini penye hewa kwa wiki nne hadi sita mpaka pale ulipokata pakauke na kufunga kama kigaga. Litanyauka kidogo, lisikutishe. Ndipo ulipande wima, upande uliokatwa ukiwa chini, ukilifukia theluthi au nusu yake. Mimi hugeuza nyuso zake mbili pana zitazame mashariki na magharibi, ili asubuhi jua lipige upande mmoja na jioni upande wa pili.

Mizizi yake mingi hukaa juu juu, ndani ya sentimita 30 hivi za kwanza. Ndiyo maana hunyonya hata manyunyu ya mvua, na ndiyo maana jembe likizama sana wakati wa palizi unaikata bila kujua. Palilia kwa mkono au kwa kukwangua. Samadi iliyooza vizuri inaleta tofauti inayoonekana kwa macho. Ardhi inayotuamisha maji au yenye chumvi nyingi iache kwa mazao mengine.

Kabla hujapanda hata bapa moja, jua unapanda aina gani na sheria ya nchi yako inasemaje. Hapa sitaki kupita haraka. Mipungate iko ya namna nyingi, na baadhi ni magugu ya kutisha. Australia ilipofika mwaka 1925, hekta zipatazo milioni 24 zilikuwa zimevamiwa, watu wakahama mashamba yao. Kilichowaokoa ni nondo aliyeletwa kutoka Ajentina, Cactoblastis cactorum, ambaye viwavi wake hula bapa kwa ndani. Walianza kuachiliwa mwaka 1926 na kabla ya miaka kumi kuisha sehemu kubwa ilikuwa imesafishwa. Lakini nondo huyohuyo mwaka 1989 alionekana Florida, na Meksiko, ambako mpungate ni chakula, ikalazimika kupambana naye alipotua kwenye visiwa vyake mwaka 2006. Huko Laikipia, Kenya, mipungate ya mwituni imemeza malisho ya wafugaji. Tembo na nyani hula matunda na kusambaza mbegu, na mifugo inayojaribu kula huchomwa miiba midomoni. Pale kochinili aliachiliwa kwa makusudi, kwa kuwa yuko wa aina inayoshambulia mpungate ule wa mwituni. Yule aliyenilia safu mbili, kwa mfugaji wa Laikipia jamaa yake ni msaada.

Kwa hiyo panda aina inayolimwa, Opuntia ficus-indica, isiyo na miiba mikubwa, pale tu inaporuhusiwa. Usitupe mabapa ya kupogolea bondeni wala kando ya mto, maana kila bapa likigusa udongo linaweza kuwa mti. Matunda yavune yote. Miche inayoota kutokana na mbegu za mpungate usio na miiba inaweza kurudi na miiba, hivyo ng'oa kila unaouona umejiotea.

Kuhusu matumizi, mengi yanasemwa, nitasema niliyoyafanya. Mbuzi wanayapenda mabapa yaliyokatwakatwa, na wakati wa ukame hupunguza sana maji wanayokunywa, kwa sababu bapa ni maji kwa takriban asilimia 90. Lakini wape peke yake uone watakavyoharisha. Protini yake ni ndogo na nyuzinyuzi hazitoshi. Changanya na majani makavu, ongeza kitu cha jamii ya mikunde.

Tunda nalo usilivute, litachanika chini na kuoza. Likate kwa kisu likiwa na kijisehemu chembamba cha bapa. Tahadhari na ile miiba midogo kama nywele, ni mibaya kuliko mikubwa. Yasugue matunda kwa brashi ndani ya maji kabla ya kuyamenya. Na ukikamua juisi, kumbuka ni tamu ila karibu haina asidi, bakteria huipenda. Chupa zangu za kwanza zilichacha siku ya pili. Siku hizi natia maji ya ndimu ya kutosha, nachemsha, kisha naweka kwenye ubaridi.

Turudi kwa kochinili. Dawa niliyonunua mwanzo iliteleza tu juu ya nta. Kilichosaidia ni maji yenye sabuni yakipigwa kwa nguvu, hasa kwa wadudu wachanga ambao bado wanatembea na hawajajifunika, na brashi kwa waliokwisha kukaa. Mabapa yaliyozidiwa niliyakata na kuyachoma moto palepale, sikuyaburuta shambani. Wachanga hao hubebwa na upepo, nguo na miguu ya wanyama, hivyo ukitoka kwenye safu iliyoathirika usiende moja kwa moja kwenye iliyo salama. Watafiti wa Brazili wamepata aina zinazomstahimili, kama Orelha de Elefante Mexicana na Miúda, ambazo wakulima wa huko huzipanda kwa malisho. Mtaalamu wa kilimo wa eneo lako atakuambia kama aina ya namna hiyo inapatikana kwenu na inaruhusiwa.

Kwangu aliingia na mabapa niliyopewa na rafiki kwa nia njema, na sikuyakagua. Sasa bapa lolote geni hukaa miezi miwili mbali na shamba, na kila wiki naligeuza pande zote mbili, naangalia kwenye mashina ya miiba na kwenye viungo. Nikiona hata doa moja jeupe naliminya kwanza. Likitoa wekundu, mzigo wote unachomwa.