Kupima viini vya seli za ini kwa darubini: usiishie kwenye ukubwa wa kiini

Mkuu, umeuliza kama kupima viini kwenye slaidi za seli zilizovutwa kwenye ini kwa sindano kunaweza kutenganisha saratani ya ini na sirosisi (ini lililojaa makovu). Kunasaidia, lakini ukipima ukubwa wa kiini peke yake utapotea.

Seli za ini zisizo na saratani huwa na seti mbili, nne, hata nane za kromosomu. DNA ikiongezeka maradufu, ujazo wa kiini nao huongezeka hivyo, na kipenyo hupanda kama asilimia 26. Ndiyo maana kwenye sirosisi utakuta viini vikubwa vya kutisha, ila seli nzima nayo imetanuka na uwiano wa kiini kwa seli haujabadilika. Saratani inayofanana sana na ini la kawaida ni kinyume chake: kiini hakijakua sana, seli imekuwa ndogo, uwiano umepanda. Kwa hiyo pima eneo la kiini, pima eneo la seli nzima, gawanya la kwanza kwa la pili.

Kwanza sawazisha darubini. Slaidi ya maikromita ina milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila kipande maikromita 10. Kama vipande 40 vya rula ya lenzi ya jicho vinalingana na vipande 10 vya slaidi hiyo, kila kimoja ni maikromita 2.5. Rudia kwa kila lenzi. Usilipuuze hili: ukikosea urefu kwa asilimia 10 juu, eneo litazidi kwa asilimia 21. Ukitumia ImageJ, programu ya bure ya kupima picha kwenye kompyuta, usibadilishe ukubwa wa picha baada ya kuweka skeli.

Utayarishaji ndipo vipimo vingi vinapofia. Seli zilizokaushwa kwa hewa hutandazika na viini huonekana vikubwa. Zilizotumbukizwa mara moja kwenye ethanoli ya asilimia 95 husinyaa. Usichanganye makundi haya mawili kamwe. Kwa unyevu wa Dar, hasa masika, slaidi za rangi ya Giemsa, ambazo hukaushwa kwa hewa, huchelewa kukauka na viini hupoteza umbo, hivyo tandaza utando mwembamba na uiweke slaidi mbele ya feni papo hapo. Chupa ya ethanoli ifunikwe muda wote.

Pima seli 100 au zaidi zenye mipaka inayoonekana, ukipita slaidi kwa mstari bila kuchagua zile za kutisha. Andika wastani pamoja na mtawanyiko wake. Viini vitupu, yaani vilivyobaki bila mwili wa seli, havina uwiano wa kupimwa, lakini vikiwa vingi, vikubwa na vyenye kasoro, viandike kwenye ripoti, maana ni dalili nzito.

Kiwango cha mpaka, yaani uwiano unaotenganisha saratani na isiyo saratani, usikiazime maabara nyingine. Kijenge kwa slaidi zenu za ini lisilo na saratani, rangi ileile, lenzi ileile. Uwiano ukiangukia katikati, usilazimishe jibu: tafuta nyuzi nene za seli zilizozungushiwa seli za mishipa ya damu, linganisha na AFP (kipimo cha damu cha saratani ya ini) na picha ya CT, kisha omba kipande cha nyama ya ini kipakwe rangi ya retikulini, nyuzi laini zinazoshikilia seli za ini. Kwenye saratani, nyuzi za retikulini mara nyingi hupungua au hukatika.