Tungule hazitaki mvua ya mwaka

Misimu miwili mfululizo nilipoteza tungule zangu (yaani nyanya) zote kabla sijalijua kosa langu. Nilikuwa nikipanda mara tu mvua ya kwanza inapogonga bati. Uani kwetu Kisauni, Mombasa, mwisho wa Machi, joto la kaskazi limekuchosha, ukisikia mvua hiyo moja unakimbilia jembe. Kumbe bado ni tanga mbili, kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, upepo haujatulia. Jua linarudi, linababua miche, na ile iliyosalia inasombwa Aprili kwa usiku mmoja.

Siku hizi natazama upepo. Kusi ikishika, mawingu yakawa yanaingia kutoka baharini alfajiri baada ya alfajiri, ndipo najua mwaka umeanza kweli (ndugu zetu wa bara huita masika). Hapo naanza na bamia na kunde. Mbegu za bamia nazilaza majini usiku mmoja, kisha nazipanda moja kwa moja. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, mvua huzisukuma zote pembeni. Zichanganye na mchanga, zifunike kwa makuti mepesi, na uyaondoe makuti zikichipua tu.

Tungule zisubiri. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, kwa kawaida hupita milimita 200, na tone zito likipiga udongo hurusha matope hadi kwenye majani ya chini. Ugonjwa hupandia hapo: madoa ya kahawia kwanza, kisha mti mzima unakauka na matunda yake. Mimi nasia mbegu chini ya upenu mwishoni mwa Mei, nahamisha miche Julai mvua ikipungua na hewa ikiwa baridi kidogo. Kila mche naufunga kwenye kijiti, majani yanayogusa chini nayakata, na udongo naufunika kwa makumbi ya nazi. Lakini usichukue makumbi yaliyofukiwa baharini kwa kazi ya kamba, yana chumvi.

Jambo jingine lililonichukua muda kulielewa ni majani kugeuka manjano katikati ya mvua. Nilidhani ni maradhi. Udongo wetu ni mchanga, maji huteremka na chakula cha mmea, kwa hiyo samadi niliyoimwaga yote Machi ilikuwa imeshapotea. Sasa naigawa: konzi moja kwa kila shina, kila baada ya wiki tatu. Na kama kwako ukichimba kidogo tu unagonga mwamba wa matumbawe, maji yatatuama na mizizi itaoza. Inua tuta shubiri moja na nusu.

Konokono nawaokota kwa mkono usiku, kwa tochi, mvua ikikatika. Jana nilijaza nusu ndoo, na bamia zimeanza kutoa maua.