Ndege zinatua Ncha ya Kusini

Si kweli kwamba hakuna ndege inayofika Ncha ya Kusini eti kwa sababu dunia ni bapa. Ya kwanza ilitua pale tarehe 31 Oktoba 1956, na leo LC-130, ndege za mizigo zenye skii, hutoka McMurdo, kituo cha Marekani kwenye pwani ya bara la Antaktika, kama kilomita 1,350 kutoka nchani. Mafuta huletwa McMurdo kwa meli wakati wa kiangazi cha kule, mengine yanavutwa na matrekta hadi nchani, ndani ya mifuko mikubwa inayoteleza juu ya barafu. Ni mafuta maalumu, maana Jet A-1, mafuta ya kawaida ya ndege, huanza kuganda kwenye nyuzi −47 za Selsiasi. Ndege za abiria ndizo hukwepa katikati ya bara hilo: injini ikizima, hakuna uwanja wa karibu wa kukimbilia.